Uzi wa wanaojenga programu za kisayansi: ikigoma kwa sababu ya MPI, anza hapa

#1 Mvuvi wa Data, Kampala

Wadau, salaam. Kila wiki kuna mtu ananitumia picha ya skrini iliyojaa makosa akiuliza kwa nini WRF, GROMACS au Quantum ESPRESSO haijengeki kwenye mashine yake. Nimejibu mmoja mmoja hadi nimeona heri tuyaweke yote mahali pamoja, kwa Kiswahili, na wengine waongeze.

Kazi yangu ni kuigiza hali ya hewa ya Ziwa Victoria kwa WRF. Anayekaa Ggaba au Entebbe anaijua tabia ya ziwa: mchana limetulia, usiku wa manane radi zinaanza kupiga huko katikati, kwa sababu upepo wa nchi kavu unatoka pande zote na kukutana juu ya maji yenye joto. Wavuvi nao wanakuwa majini saa hizo hizo. Kwa hiyo modeli ikigoma kujengeka naumia kweli.

Modeli kama hii ukiiendesha kwenye kori moja (kitengo kimoja cha kukokotoa ndani ya prosesa), mvua itanyesha na kukauka kabla hujapata utabiri wake. Ndiyo maana eneo lote linakatwa vipande kama shamba la ukoo. Kila mchakato unalima kipande chake, na kila hatua unaambiana na majirani zake mpakani kukoje: joto kiasi gani, upepo unavuma wapi. Kuambiana huko ndiko MPI. MPI yenyewe ni kanuni zilizoandikwa tu, toleo la kwanza lilitoka mwaka 1994. Wanaozitekeleza ni wengine, na tunaokutana nao zaidi ni wawili, Open MPI na MPICH. Amri zao zina majina yale yale: mpicc, mpif90, mpirun. Ndani ni koo mbili tofauti.

Angalia jambo hili dogo. Kwa MPICH, MPI_COMM_WORLD ni namba, 0x44000000. Kwa Open MPI ni anwani ya kitu kinachoitwa ompi_mpi_comm_world. Ukikompaili (kugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) kwa heda (faili za maelezo) za huyu kisha ukaunga kwa laibrari za yule, linka (programu inayounga vipande) itakuambia:

`undefined reference to 'ompi_mpi_comm_world'`

Hapo watu wengi huanza kuongeza laibrari, -l hii na -l ile, mwisho wa mstari. Acha. Mashine imeshakueleza ukweli wote: kuna faili la .o (msimbo uliokwisha kukompailiwa) lililozaliwa kwa Open MPI, na sasa umelipeleka kwa MPICH, ambako hakuna anayelijua. MPI 5.0 ya mwaka 2025 imeweka mpangilio mmoja wa ndani ili koo hizi zielewane, lakini Ubuntu tulizonazo maofisini ni za kabla ya hapo.

Sasa kisa changu. Ofisini tuna mashine ya mezani, kori 4, RAM GB 8. Zamani mwenzetu alijenga netCDF (laibrari ya kuhifadhi data za kisayansi) akaiweka /opt, na WRF 3.9.1 ikakimbia vizuri. Baadaye mashine ikapandishwa kutoka Ubuntu 18.04 hadi 22.04. Nilipohitaji kuijenga upya WRF ile ile, kwa sababu matokeo yetu ya nyuma yote yalitoka humo, nilichagua 34 kwenye configure (skripti ya kuandaa ujenzi), yaani dmpar (michakato mingi ya MPI) kwa kompaila ya gfortran, nikaandika `./compile em_real >& compile.log`, nikaenda kunywa chai. Kurudi, mwisho wa faili:

`---> Problems building executables, look for errors in the build log <---`

Nilizunguka na mstari huo siku mbili nzima, nikitafuta mtandaoni waliopata mstari kama huo. Wako wengi, na kila mmoja ana ugonjwa wake. Mstari huo ni kama kilio cha mtoto mchanga: unajua kuna shida, hujui kama ni njaa au homa. WRF hujengwa kwa `make -i`, maana yake kosa likitokea haisimami. Inaendelea na mafaili yanayofuata, nayo yanaanguka kwa sababu la kwanza limeanguka, hadi unapata makosa mia ambayo baba yao ni mmoja. Kosa la kutafuta ni la KWANZA.

`grep -n -m 3 "Error:" compile.log`

Andika Error kwa E kubwa, na nukta pacha baada yake. Ukitafuta error tupu kwa herufi ndogo utaletewa kila mstari unaotaja module_wrf_error, na ni mingi. Mimi nilipata hili:

`Fatal Error: Cannot read module file 'netcdf.mod' opened at (1), because it was created by a different version of GNU Fortran`

Ile netCDF ya /opt ilijengwa kwa GCC 7 (familia ya kompaila yenye gfortran) ya Ubuntu 18.04. Mafaili ya .mod ya Fortran (maelezo ya moduli) yana toleo lake, na GCC 8 ililibadilisha. Kompaila mpya haiwezi kuyasoma ya zamani hata kama laibrari yenyewe ni nzima. Hakuna njia ya mkato hapa. Nilijenga upya netcdf-c na netcdf-fortran kwa kompaila iliyopo sasa, zote ndani ya folda moja, kwa sababu WRF inatafuta kila kitu chini ya $NETCDF na hizi zimekuwa pakeji mbili tangu toleo la 4.2.

Nikajenga tena. Kosa likabadilika, na hiyo ni dalili njema, msikate tamaa mkiona kosa jipya:

`Error: Type mismatch between actual argument at (1) and actual argument at (2) (REAL(4)/INTEGER(4)).`

Hili limewatoa watu wengi machozi tangu GCC 10 ya mwaka 2020. Sababu yake ni kwamba katika MPI, amri ile ile ya kutuma inapokea namba kamili leo na desimali kesho. Fortran ya zamani inaita MPI kwa `include 'mpif.h'`, bila maelezo ya aina za data, hivyo kompaila inalinganisha wito mmoja na mwingine ndani ya faili moja na kusema umejichanganya. Kabla ya GCC 10 lilipita. Sasa ni kosa. Nilisafisha kwa `./clean -a`, nikaendesha configure upya, ndipo nikaongeza `-fallow-argument-mismatch` kwenye swichi za Fortran ndani ya configure.wrf. Mpangilio huo ni muhimu: `./clean -a` huiondoa configure.wrf, ukihariri kwanza kazi yako inapotea. Kama programu ni yako mwenyewe, dawa ya kudumu ni `use mpi_f08`, iliyokuja na MPI-3.0 mwaka 2012.

Katikati ya ujenzi wa tatu umeme ukakatika. Ulipowashwa nikaendelea pale pale, nikapata `file not recognized` kwenye mafaili ambayo jana yake yalipita bila tatizo. Nusu saa baadaye ndipo nilipoangalia ukubwa wake: baiti 0. Umeme ulikatika kabla diski haijayaandika, lakini make inaangalia tarehe tu, ikaona ni mapya na kuyaacha yalivyo.

`find . -name '*.o' -size 0 -delete`

Kwetu huku hii inafaa kuandikwa ukutani. Lililoandikwa nusu halitakuwa na baiti 0 na litakuponyoka, kwa hiyo ukiwa na shaka safisha yote.

Karibuni.

#2 Mwanakemia wa Kaskazini, Gulu

Mvuvi, apwoyo matek. Nimesoma neno kwa neno. Mimi ni mwanafunzi, ninaigiza protini kwa GROMACS kwenye laptopu yangu, kori 4, hakuna klasta. Nimeweka `-DGMX_MPI=ON -DGMX_BUILD_OWN_FFTW=ON`. Kwanza inakwama kwenye FFTW (laibrari ya hesabu za Fourier), inasema imeshindwa kupakua. Nikibadilisha mtandao inasogea kidogo, halafu inalalamika juu ya MPI iliyoko kwenye folda ambayo nilishaifuta wiki iliyopita! Bando langu la mwezi limeishia hapo.

#3 Mvuvi wa Data, Kampala

Pole sana, nnyabo (bibie). Nisamehe kama wewe ni ssebo (bwana).

Habari njema ni kwamba huhitaji MPI kabisa. GROMACS ina thread-MPI yake ya ndani, inayotosha kwa mashine moja, na ndiyo inayokuja usipoweka lolote. `GMX_MPI=ON` ni ya wanaotumia kompyuta kadhaa zilizounganishwa. Iondoe, na nusu ya matatizo yako imeondoka nayo. Programu itaitwa gmx badala ya gmx_mpi.

FFTW: ile swichi inaiambia GROMACS ishushe FFTW kutoka mtandaoni katikati ya ujenzi. Iondoe pia, kisha `sudo apt install libfftw3-dev`, ambayo tayari ina toleo la desimali fupi ambalo GROMACS inalitaka. Usihangaike na FFTW ya MPI, GROMACS haiitumii.

Folda uliyoifuta bado inaishi ndani ya CMakeCache.txt. CMake (chombo kinachoandaa ujenzi) ikishaipata MPI mara moja inaandika njia yake humo na haiulizi tena. Futa folda yote ya build, tengeneza nyingine, anza upya. Hatua hii haili bando.

#4 Bi Takwimu, Dar es Salaam

Jirani, hongera kwa uzi. Ila nikiri wazi kwamba sioni kwa nini mtu wa 2020 na ushee ajenge netCDF kwa mkono. Conda-forge wamekwisha kujenga kila kitu. Ukitaka HDF5 (laibrari ya faili kubwa za data) ya sambamba kwa Python unachagua kwa jina la ujenzi:

`conda install "h5py=*=mpi_openmpi*"`

Kuna mpi_mpich, kuna mpi_openmpi, kuna nompi. Dakika kumi umemaliza. Wanafunzi wangu wote wako huko, na sijaona machozi.

#5 Mvuvi wa Data, Kampala

Dada, kwa Python nakubaliana nawe moja kwa moja, na hayo majina matatu ni msaada mkubwa, kwa sababu yanakulazimisha kuchagua ukoo mbele ya macho yako. Mahali ninapotofautiana ni pale mtu anapoweka conda JUU ya mashine yenye MPI yake. Conda inajiweka mbele kwenye PATH (orodha ya folda ambako mashine inatafuta amri), h5py inatoka conda, mpif90 inatoka /usr/bin, WRF inaokota netCDF ya huku na mpirun ya kule. Ukichagua conda, iwe conda mwanzo hadi mwisho, na kompaila zake. Ukichagua apt, zima conda kabla ya kugusa configure: `conda deactivate`.

Na suala la bando si dogo. Dakika kumi za Dar huku kwa mwenzetu wa Gulu ni posho ya wiki.

#6 Pembe ya Magharibi, Mbarara

Sisi tumeondokana na hilo kwa Spack. Inajenga kutoka chanzo, `spack install hdf5+mpi ^openmpi`, na kila laibrari inafuata MPI moja. Kuhusu mtandao, mmoja wetu anashusha vyanzo kwa `spack mirror create` kwenye diski ya nje, wengine wanajenga kutoka diski hiyo bila intaneti. Inachukua usiku mzima, sikatai.

Nina swali. HDF5 yangu ya apt inafanya kazi, lakini programu yangu inagomea `undefined reference to 'H5Pset_fapl_mpio'`. Laibrari ipo, nimeiona kwa macho.

#7 Mvuvi wa Data, Kampala

Umeiona ya kawaida. Ubuntu inaziweka HDF5 mbili chumba kimoja: `/usr/include/hdf5/serial` na `/usr/include/hdf5/openmpi`. Ile ya serial haina neno mpio ndani yake kabisa. Sakinisha `libhdf5-openmpi-dev`, kompaili kwa h5pcc badala ya h5cc, halafu hakikisha:

`h5pcc -showconfig | grep Parallel`

Ikijibu `Parallel HDF5: yes` uko salama. Unapoijenga kwa mkono, usiombe C++ na sambamba kwa pamoja, configure itakataa. Kwa netCDF uliza `nc-config --all`.

Webare munonga kwa wazo la diski. Nitaliiga.

#8 Mto Naili, Jinja

Mimi kwangu ni fupi. Najenga LAMMPS (programu ya kuigiza molekuli), inafika mbali halafu: `c++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus`. RAM GB 4. Nimeamini kompaila ni mbovu, nimeisakinisha upya mara mbili.

#9 Mvuvi wa Data, Kampala

Kompaila ni nzima, imeuawa na kernel (kiini cha mfumo) kwa kukosa memori. Utaona kwa `sudo dmesg | grep -i killed`. Bila shaka uliandika `make -j` peke yake au `-j8`. Andika `make -j2` (kazi mbili kwa wakati mmoja), ikifa tena `-j1`.

Kwa wenye Fortran, kuna jambo linalofanana na hili kwa mbali: ukipata `Cannot open module file ... for reading at (1): No such file or directory` wakati wa -j, na ukirudia make inasogea, basi Makefile haikuandika nani amtangulie nani. Kazi mbili zinakimbizana, na moja imefika kabla ya .mod kuandikwa. `-j1` inamaliza ubishi.

#10 Mwalimu wa Mlimani, Mbale

Nimekaa kimya nasoma tangu asubuhi. Langu limejengeka bila kosa hata moja, na ndiyo shida yenyewe. Nina skripti ya Python ya mpi4py (pakeji ya MPI kwa Python) inayopima mitelemko ya Mlima Elgon, hasa upande wa Bududa, kule ambako maporomoko ya mwaka 2010 yalifukia watu. Nataka ramani ya mitelemko yote mikali, kijiji kwa kijiji. Naendesha `mpirun -n 4`, feni inanguruma, kori zote nne ziko juu, lakini muda ni ule ule wa kori moja. Dakika 40, wakati mwingine zaidi. Nimejaribu -n 2, hakuna tofauti.

#11 Mvuvi wa Data, Kampala

Mwalimu, shikamoo. Hii ndiyo mbaya kuliko zote zilizopita humu, kwa sababu hailii. Tafadhali endesha hii utuwekee jibu lote:

`mpirun -n 4 python -m mpi4py.bench helloworld`

#12 Mwalimu wa Mlimani, Mbale

Marahaba. Jibu:

`Hello, World! I am process 0 of 1 on elgon.`

Mstari huo huo mara nne.

#13 Mvuvi wa Data, Kampala

Nilidhani hivyo. Kila mmoja anasema yeye ni wa 0 kati ya 1, yaani kila mchakato unajiona yuko peke yake duniani. Mpirun ni ya ukoo mmoja, mpi4py imeungwa na ukoo mwingine. Mpirun inaanzisha michakato minne na kuipa taarifa zake, mpi4py inasubiri taarifa za namna nyingine, haizioni, inaamua iko peke yake. Kwa hiyo umepima Elgon yote mara nne kwa wakati mmoja.

Angalia haya matatu:

`which -a mpirun mpicc`
`mpirun --version`
`mpicc -show`

Nahisi uliwahi kubadilisha MPI kwa `update-alternatives --config mpi`. Debian na Ubuntu wana swichi mbili: mpi inabadilisha mpicc na heda, mpirun ina swichi yake peke yake. Ukigeuza moja ukasahau ya pili, unapata hili hili.

#14 Mwalimu wa Mlimani, Mbale

Ndivyo ilivyo! mpicc -show inataja mpich, mpirun --version inasema Open MPI. Niligeuza moja mwezi uliopita kwa ajili ya mwanafunzi.

Nimefanya hivi, ili anayekuja nyuma aone: `sudo update-alternatives --config mpi` nikachagua openmpi, kisha `--config mpirun` nikahakikisha ni openmpi pia. mpi4py nimeiondoa na kuijenga upya kwa `pip install --no-cache-dir --no-binary=mpi4py mpi4py`, maana bila --no-cache-dir ilinirudishia ile ile ya zamani. Laptopu ya mwenzangu yenye kori 2 ilikataa, ikasema `There are not enough slots available in the system`.

#15 Mvuvi wa Data, Kampala

Hiyo ya slots si kosa la ujenzi. Open MPI inahesabu kori halisi na kukataa zaidi ya hapo. Kwa kujaribu tu weka `mpirun --oversubscribe -n 4`. Majaribio ya `make check` nayo huanguka kwenye mashine ndogo kwa sababu hiyo hiyo, watu wanadhani programu ni mbovu.

Mwalimu, elgon inasemaje sasa?

#16 Mwalimu wa Mlimani, Mbale

`Hello, World! I am process 0 of 4 on elgon.`
`Hello, World! I am process 1 of 4 on elgon.`
`Hello, World! I am process 2 of 4 on elgon.`
`Hello, World! I am process 3 of 4 on elgon.`

Nimeianzisha upya skripti ya mitelemko. Dakika 11. Naanza na parokia za juu leo usiku.